Posa ya Mjukuu wa Zafarani

Siku waliyokuja kuniposa nnaikumbuka vizuri, mjukuu wangu, kwa sababu baba yangu alikataa kabla kahawa haijapoa.

Nnakwambia haya kwa sababu ya chakula cha Ijumaa hapa Azaiba, Maskati, ulipomwambia dada yako kwamba yule kijana wa mtaa wa Hail anayetaka kumwoa hana asili. Ukasema sisi ni watu wa mashamba ya karafuu. Mwanangu, wewe hata mkarafuu hujapata kuuona. Neno hilo nnalisikia tangu sijaolewa, na limenichosha. Basi kaa, nikueleze taratibu.

Babu yangu alikuwa na shamba kubwa Pemba. Alilirithi kwa baba yake, aliyenunua watu wa kulilima. Hata walipokuwa huru, wengi walibaki palepale, wakichuma karafuu zake na kumwita Bwana. Nyumba yetu ilikuwa juu ya kilima, vibanda vyao chini, na watoto wa juu hawakuruhusiwa kula chini. Kisha shamba likatutoka, tukahamia Maskati, tukabanana katika vyumba viwili mtaa wa Ruwi. Shamba tuliliacha. Kiburi tulikuja nacho.

Hapo ndipo Khamis alipokuja kuniposa, yeye na baba yake, waliohamia kama sisi. Alikuwa fundi umeme, na mjukuu wa Zafarani, mwanamke mmoja katika wachumaji wa Babu. Nilimtaka. Lakini baba yangu na ammi yangu Seif, ndugu yake baba, wakajibu kama walivyozoea: "Binti yetu haozwi ila kwa mtoto wa ammi yake." Na huyo Ammi Seif mwenyewe alikuwa na mabinti watupu.

Bibi yangu, mama yao, alikuwa nyuma ya pazia akichambua mchele. Akatoka na ungo wake mkononi.

"Nassor," akamwambia baba yangu, "ulipozaliwa nilishikwa na homa, maziwa yakakauka. Wadhani ulikua kwa harufu ya karafuu?"

"Mama, pana wageni."

"Ndiyo maana nnasema sasa. Zafarani alikunyonyesha mpaka ukaota meno. Ukamng'ata, na hakukuacha. Mwanawe huyu hapa ni ndugu yako wa kunyonya. Na huyu kijana ni mwana wa ndugu yako. Haya, ni nani kwa binti yako?"

Aliyejibu ni Ammi Seif, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba. "Ni mtoto wa ammi yake."

"Basi muozesheni. Si sharti lenu hilo?"

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?" baba akauliza.

"Babako alinikataza. Aliona aibu mwanawe kunyonya kibandani. Yeye keshakufa, Mungu amrehemu, na mimi nimechoka kumfichia."

Baba yake Khamis alikuwa akitazama kikombe chake. Yeye alijua siku zote. Mama yake alimwambia asiseme, asije akaonekana anajipendekeza.

Khamis huyo ndiye babu yako. Hatukukusimulia habari za kibandani, na hilo ni kosa letu sisi wakubwa. Ijumaa ulipotamka neno asili, alikuwa amekaa ubavuni mwako akikutolea samaki miiba, kama alivyokufanyia tangu utotoni. Hakusimamisha mkono.

Sasa nnakuusia. Kijana akija kuposa, uliza anasali vipi, anafanya kazi gani, anasema vipi na mama yake, na akikasirika hufanya nini. Bibi yake alichuma karafuu za nani, usiulize. Kesho mwombe radhi dada yako, halafu nenda Hail ukanywe kahawa yao. Utaweza, nnakujua, moyo wako ni mzuri, ulimi tu ndio hutangulia. Na mchukue babu yako muende pamoja.

Mungu akupanulie kifua, akuweke karibu na watu wema, na akujaalie wajukuu wasiokuchosha kama unavyonichosha wewe.