Daftari la Adhabu

Mimi ni mwalimu wa nidhamu katika shule moja ya sekondari huku kisiwani, Utende, na naomba mnicheke taratibu. Serikali inataka kila adhabu iandikwe daftarini: jina, kosa, tarehe. Mimi nilikuwa naadhibu tu. Juzi mkuu wa shule akaniambia mkaguzi anakuja kesho kutoka Kilindoni.

Basi nikakaa nikajaza mwaka mzima kwa kukisia. Nilitumia kalamu tatu tofauti, nikamwagia chai kurasa mbili zionekane za zamani. Jumamosi na Jumapili niliziruka zote. Mtu niliyelelewa kanisani Njombe siwezi kukosea siku ya mapumziko.

Mkaguzi, mama mtu mzima wa hapahapa kisiwani, alisoma polepole, kisha akaweka kidole.

“Mwalimu, siku hii ulimfagilisha uwanja Mwanahamisi kwa kuchelewa shule?”

“Ndiyo, mama. Alichelewa sana. Nilimdaka mwenyewe getini.”

“Ilikuwa Idi mosi.”

Nikamtazama mkuu wa shule aniokoe. Akavua miwani.

“Siku hiyo mimi na wewe tulialikwa kwao Mwanahamisi. Ndiye aliyekuongezea pilau.”