Mtamba wa Mwanachama Asiyetajwa

Saa mbili na robo asubuhi, Paschal Masatu anafungua dirisha la pili la ofisi ndogo ya chama chao cha akiba hapa Iringo, mjini Musoma, pale mgeni anapoingia. Hapigi hodi. Anapita katikati ya viti vya wateja, ananusa kaunta, kisha anasimama mbele ya feni kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

Mgeni ni mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Nyuma yake, mwisho wa kamba, anatokea mzee mrefu aliyevaa koti na kofia ya sufu.

"Shikamoo mzee," anasema Paschal, kwa kuwa hajui aanzie wapi.

"Marahaba. Nimeleta akiba."

Recho, karani wa fedha, anaweka kalamu chini. Katika kazi hii amewahi kupokea noti zenye magamba ya sato na nyingine zilizokuwa zimefukiwa kwenye debe la mtama. Ng'ombe hajawahi.

"Kaka Paschal," anauliza kwa sauti ya chini, "huyu namwandikia risiti ya nini?"

Hiyo ilikuwa Jumanne moja ya Julai mwaka jana. Hadi leo, wanachama wa Mwanga wa Jirani, chama cha akiba na mikopo kinachohudumia Musoma, Bunda na Butiama, wanaisimulia kila mtu kwa namna yake. Wapo wanaoapa kwamba mtamba alipanga foleni.

Paschal ana umri wa miaka thelathini na sita. Kazi yake ni kuwaelimisha wanachama kuhusu fedha, na darasa lake halina kuta. Anafundisha nje ya kanisa baada ya ibada, pembeni mwa uwanja wa mpira, kwenye mialo dagaa wakiwa wanaanikwa. Chama kinapodhamini kombe la netiboli la akina mama wa Nyasho, yeye ndiye anayepewa dakika kumi za mapumziko kuzungumzia akiba, na ndiye anayelinda mbuzi wa mshindi asiliwe kabla ya fainali.

Ushauri wake ni wa kawaida kabisa. Hela ya ada isilale mfuko mmoja na hela ya mboga. Usinunue kitu siku uliyopata hela. Lala kwanza, kesho uone kama bado unakitaka. Aliwahi kuombwa atoke kwenye kikao cha harusi kwa kuuliza keki ya pili ni ya nani.

"Waliniambia, 'Ndugu Masatu, wewe subiri nje, tutakuita kwenye maombi ya kufunga,'" anasema. "Hawakuniita."

Amezaliwa kwenye familia ya wavuvi huko Majita, na anasema hiyo ndiyo sababu ya yeye kuipenda kazi inayomlipa laki nne na nusu kwa mwezi. "Baba alikuwaga tajiri siku ya Jumatatu, sangara akiuzwa. Ikifika Alhamisi tunatumwa kwa jirani kuomba chumvi. Hakuwa mlevi wala mvivu. Hakuna mtu aliyewahi kukaa naye akamwambia, mzee, Alhamisi nayo huwaga inakuja."

Na mtamba? Mtamba aliletwa na darasa zuri kupita kiasi.

Wiki mbili kabla, Paschal alikuwa kijijini Butiama akizungumza na wazee wafugaji. Aliwaeleza hisa, riba na gawio, wakamtazama kama watu wanaosubiri mvua ipite. Ndipo akakumbuka desturi ya huko ya kuwekesha ng'ombe: mtu anampeleka ng'ombe wake kwenye boma la rafiki wa mbali, rafiki anamchunga na kunywa maziwa, na siku mwenye mali akimhitaji anamkuta pamoja na ndama wake.

"Nikawaambia, sisi Mwanga wa Jirani ndiyo boma hilo la rafiki. Wazee wote wakaamka. Wakauliza maswali, wakapiga makofi. Nilirudi Musoma nikijua nimeeleweka." Anatikisa kichwa. "Kumbe nimeeleweka sana."

Mzee Mugeta, mwenye mtamba, alikuwa amekaa mstari wa mbele siku hiyo. Asubuhi ile pale Iringo, Paschal alimweleza kwa adabu kwamba chama hupokea fedha tu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akamjibu, "boma halimrudishi ng'ombe aliyeletwa na rafiki. Kumrudisha ni tusi. Sasa nimepanda gari la kirikuu na ng'ombe kutoka Butiama nije kutukanwa?"

Wakati huo mtamba alikuwa amefikia kalenda ya chama ukutani.

"Amemaliza Agosti," Recho akatoa taarifa. "Anaingia Septemba."

Paschal akamwomba mzee watoke nje, wakakaa kwenye ngazi, na hapo ndipo akaelezwa shida yenyewe. Mzee Mugeta amemlea mjukuu wake, Wegesa, tangu mama yake alipofariki. Binti alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na awamu ya kwanza ya ada ilitakiwa kabla Agosti haijaisha. Mali pekee iliyobaki ilikuwa mtamba yule. Lakini wadogo wawili wa mzee walikuwa wamekaa kikao na kuamua kwamba ataongezwa kwenye mahari ya kijana wao, anayeoa mke wa pili.

"Zizi letu ni moja," alisema mzee. "Ng'ombe akiwa ndani ni wa ukoo. Nikimuuza kijijini, hela itapita mikono ya ndugu, na mpaka inifikie mimi imeshachoka. Nimewaaga kwamba nampeleka kwa daktari wa mifugo."

Mnada wa mifugo ulikuwa Jumamosi. Mzee alitakiwa kurudi siku hiyohiyo na kusema mtamba amebaki kwa daktari, ili ndugu wasishtuke, kisha aje tena Jumamosi kuuza mwenyewe. Fedha zingeingia moja kwa moja kwenye akaunti ya ada. Swali lilikuwa moja: kuanzia Jumanne hadi Jumamosi, mtamba akae wapi?

Meneja, aliyekuwa safarini Mwanza, alipopigiwa simu alisema maneno machache, na mengi yalihusu sakafu. Paschal akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Atakaa kwangu."

Mzee Mugeta akaupokea mkono wake lakini hakuuachia. "Unajua kwetu mtu aliyewekeshwa ng'ombe hasemi ni wa nani. Hata mkewe hamwambii. Mkeo ni wa wapi?"

"Bunda."

"Basi hasa mkeo. Bunda yote ni ndugu zetu."

Paschal akaahidi. Habari hii inaandikwa leo kwa ruhusa ya Mzee Mugeta mwenyewe, kwa maelezo kwamba ndugu zake walishajua, wakanuna mwezi mzima, wakachoka kununa.

Safari ya kutoka Iringo hadi Makoko, anakopanga Paschal, ilichukua asubuhi yote. Mtoto wa mvuvi alikuwa hajawahi kushika kamba ya ng'ombe. "Mzee aliniambia kabla hajaondoka, 'Wewe Mjita, huyu si sato, usimshike mkiani.' Nikadhani ni utani. Ulikuwa ushauri."

Nyumbani, mkewe Hilda alikuwa kwenye cherehani. Hilda ndiye anayetunza kadi ya benki ya mumewe, na anasema hivyo bila aibu yoyote.

"Nilijua kila shilingi ya huyu mwanamume," anasimulia, na sasa anacheka. "Akitaka vocha ananiomba. Halafu nainua macho, naona mkia unapita dirishani. Nikamuuliza, Baba Neema, huyo ni nani? Ananijibu, 'Ni wa mwanachama.' Mwanachama gani? Anaenda kutafuta ndoo ya maji. Nikasema basi, kumbe nimeolewa na tajiri na mimi nashona viraka."

Majirani hawakumwamini pia. Walianza kwa kupita kumpongeza, wakaendelea kwa kupita kunong'ona. Kufikia Alhamisi, kulikuwa na maneno kwamba mshauri wa fedha ameamua kujishauri kwa fedha za chama. Asubuhi moja wanachama watatu walifika Iringo kuulizia salio la akaunti zao, kila mmoja akijifanya alikuwa akipita tu.

"Nikawaonyesha, hela zao zipo," anasema Recho. "Mmoja akaniuliza, 'Na ng'ombe zipo ngapi?'"

Paschal hakujibu mtu. Alijifunza kukata majani, akakanyagwa mguu, na usiku alilala sebuleni, kwa sababu chumbani kulikuwa na swali.

Mwisho wa yote, Jumamosi ilifika na mpango ukaenda vizuri. Mzee Mugeta alikuja, mtamba akanunuliwa na mfugaji kwa laki tisa, na kabla jua halijazama ada ilikuwa imelipwa. Wegesa yuko mwaka wa kwanza hivi sasa. Kwa simu anasema amejifunza kuchoma sindano, na kwamba babu yake anamtaka aanze na wale wadogo wawili wa babu.

Lakini ili Jumamosi ifike, ilibidi Ijumaa ipite kwanza.

Mahari ya Hilda ilikuwa haijaisha. Ng'ombe mmoja alikuwa amebaki, na kwa miaka tisa Paschal alikuwa akimwambia baba mkwe wake, Mzee Boniphace wa Bunda, kwamba anajipanga. Mzee Boniphace ni mtu mpole. Alikuwa akisubiri. Sasa alisikia kwamba ng'ombe amefungwa uani kwa mkwe wake.

Ijumaa asubuhi alifika Makoko na ndugu wawili. Walikuja na kamba, na kamba ilikuwa mpya.

Hilda akawapa chai. Wakainywa taratibu, wakizungumzia bei ya mahindi na afya ya watu ambao walikuwa hawaumwi. Kisha Mzee Boniphace akaweka kikombe chini.

"Mkwe, tumeona umejipanga."

"Baba, yule si wangu," akasema Paschal. "Ni wa mwanachama."

"Mwanachama wa wapi?"

"Siwezi kusema, baba."

"Wa Butiama? Maana rangi ile ninaijua. Nina marafiki kule, ningewapigia sasa hivi."

Paschal akamwongezea chai. Mmoja wa wale marafiki, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, alikuwa mdogo wake Mzee Mugeta. Simu moja tu, na ndugu wangekuwa Makoko kabla ya chakula cha mchana.

Mzee Boniphace hakukasirika, na Paschal anasema hilo ndilo lililomuumiza. "Angefoka ningevumilia. Aliniangalia tu, akasema, 'Mkwe, ng'ombe asiye na mwenyewe amefungwa kwenye uzio wako, na mimi ninakudai ng'ombe. Ungekuwa wewe ni mimi, ungefikiri nini?' Nikamwambia ukweli, baba, ningefikiri kama wewe."

Wale ndugu wawili walikuwa wameshasimama. Mmoja alikuwa anaikunjua kamba.

Paschal alikuwa na akiba moja ambayo Hilda mwenyewe aliibariki: ya pikipiki. Kwa miaka miwili alikuwa akiweka kidogo kidogo pale Mwanga wa Jirani, ili asifike vijijini kwa kuomba lifti ya malori ya mchanga. Ilikuwa imefikia nusu ya bei.

"Naomba mnisubiri," akasema. "Msimfungue. Nipeni mpaka saa sita."

Akaenda Iringo kwa miguu. Recho akamhesabia zote, laki nane, bila kuuliza, ingawa anakiri alitamani. Alimsomea tu sheria ambayo Paschal mwenyewe huwafundisha watu: usitoe akiba ya lengo moja kwa ajili ya lengo jingine.

"Ninaijua," Paschal akamjibu. "Hesabu tu, dada."

Akarudi, akaziweka mezani mbele ya baba mkwe wake, akisema ni thamani ya ng'ombe aliyebaki. Mzee Boniphace akazitazama, akatazama nje dirishani, akazitazama tena.

"Yaani unanilipa hela," akasema polepole, "ili ubaki na ng'ombe ambaye si wako."

"Ndiyo, baba."

"Nitakuombea."

Hilda, aliyekuwa amesimama mlangoni, anasema hapo ndipo alipoanza kuamini. "Mtu anayeficha ng'ombe wake hawezi kuitoa pikipiki. Ninamjua, pikipiki ile alikuwaga anaiota. Nikaacha kumuuliza. Usiku ule akarudi chumbani."

Paschal ameanza upya. Kila mwezi anaweka elfu hamsini, na anatarajia siku moja kufika Butiama akiwa juu ya pikipiki yake, na Bunda pia, akamsalimie baba mkwe kwa kupiga honi. Kwa sasa anaomba lifti. Madereva wa malori ya mchanga wanamjua, na wawili kati yao wamefungua akaunti.

Ijumaa ile, wageni walipomaliza kuaga, Mzee Boniphace aliwatanguliza ndugu zake barabarani. Akarudi hatua chache mpaka kwenye uzio, akamtazama mtamba, kisha akamtazama mkwe wake.

"Sasa tumemalizana, mimi na wewe hatudaiani," akasema. "Niambie tu kama mwanangu. Ni wa nani?"

"Ni wa mwanachama, baba."

Mzee akatikisa kichwa, akaiweka ile kamba mpya begani, akaondoka. Paschal akachukua ndoo, akaenda kumchotea maji ng'ombe wa watu.