Jina la Faili Lililoota Mlango

Shangazi yangu ni mpiga chapa. Katika chumba chake cha mashine mbili kila kitu kina mahali pake. Hata mkasi umefungwa kamba mezani, wateja wasitembee nao. Faili nazo alizipa nidhamu hiyohiyo. Kazi ya kila mteja huibana katika kifurushi kimoja, chenye jina lilelile miaka yote, kisha humtumia mwenyewe aikague kabla ya kuchapwa. Barua pepe yake huwa na mstari mmoja tu: "Fungua kazi.zip."

Asubuhi moja Mwalimu Mkuu alipiga simu. Shangazi alikuwa na wino mikononi, nikamwekea spika.

"Dada, kazi yako mbona inaniomba neno la siri la barua pepe?"

Mitihani ya shule nzima, ya kufanywa keshokutwa, ilikuwa katika barua pepe hiyo. Ikivuja, ni shule gani ingemwamini Shangazi tena?

"Umebonyeza wapi, Mwalimu?" niliuliza.

"Hapo kwenye jina, kwenye maandishi ya bluu."

Nikaelewa. Siku hizi ule mwisho wa jina la faili, ".zip", huuzwa pia kama mwisho wa anwani ya tovuti. Kompyuta ilipouona, ikaligeuza jina la faili la Shangazi kuwa kiungo. Na mtu tusiyemjua alikwishainunua anwani hiyo, akatega ukurasa wa kuiba maneno ya siri.

"Umeshaandika neno la siri?"

"Nimefika herufi ya nne. Ya tano siioni, ngoja nivae miwani."

"Usivae!" Shangazi alipiga kelele. "Weka chini! Hapana, simu usiweke! Funga huo ukurasa!"

"Wewe mama, niweke au nisiweke?"

"Funga ukurasa, Mwalimu," nilisema taratibu. "Kifurushi chenyewe kimeambatishwa chini ya barua. Fungua hicho."

Tukasikia akibonyeza. Kisha: "Haya, mitihani yangu naiona."

Shangazi alijifuta jasho, akabaki na alama ya wino kwenye paji la uso. "Mimi nimeandika jina tu. Nani kalitia mlango?"

Alinuna hadi mchana. Jioni alinikabidhi karatasi yenye sheria mpya, kwa mwandiko wake ulionyooka: jina la faili lisiandikwe tena ndani ya barua.

Mitihani ilifanyika siku yake. Wiki iliyofuata Mwalimu Mkuu alileta kazi nyingine kwa miguu yake, fulashi yenye faili ikining'inia shingoni kwa kamba.

"Unacheka nini?" Mwalimu alimwuliza Shangazi. "Nimeiga mkasi wako."