Wiki Mbili Bila Kutafuna

Taabu yangu ilianza mwaka wa 1984, nikiwa na miaka kumi na minne. Ukame ulimaliza ng'ombe wote wa baba yangu upande wa Hadado. Mbuzi walibaki saba, kisha wawili, kisha tukawala hao wawili. Shule nilikuwa nimefika darasa la pili, nikaiacha hapo na sijairudia. Nilipanda juu ya lori la magunia, nikashuka Modogashe, nikaanza kuosha malori, na Kiswahili changu nilikiokota kwa madereva. Kwa hiyo anayesoma asinisahihishe. Kwa Kiswahili hiki hiki nimeuza mbuzi kwa watu waliosoma mpaka wakachoka.

Njaa hiyo sikutaka kuitaja. Naitaja kwa sababu hospitali waliniuliza habari zake mara tatu, na mpaka leo sijui walikuwa wanatafuta nini humo.

Mimi nilinenepa nikiwa mtu mzima, na nilinenepa kwa furaha. Kwetu mtu mwembamba huulizwa anaumwa nini. Nilipoanza kupata kitambi watu walinisalimia vizuri zaidi. Halafu mwili haukujua mahali pa kusimama. Ukaja ugonjwa wa sukari, ikaja presha, magoti yakakataa. Sokoni Garissa, mahali nilipotembea miaka thelathini katikati ya mifugo, nikawa nakaa ndani ya gari na mbuzi analetwa dirishani. Natoa mkono, napapasa mgongo, nasema bei. Hilo nilivumilia. Lililonishinda ni kuinuliwa. Tukimaliza kula kwenye mkeka, watu wawili walinishika makwapani wakaninyanyua, kila siku, nyumbani kwangu, mbele ya wageni wangu.

Binti yangu mkubwa, anayefanya kazi katika ofisi za kaunti, ndiye aliyeleta habari ya upasuaji.

"Aabo," aliniambia, maana ndivyo watoto wetu wanavyomwita baba, "Nairobi kuna daktari anapunguza tumbo."

"Anapunguza kwa dawa?"

"Anakata."

"Anakata mafuta?"

"Hapana. Anakata tumbo la ndani, lile chakula kinapoingia. Linabaki kama ndizi."

"Tumbo langu lina ugonjwa?"

"Halina."

"Sasa likatwe kwa kosa gani?"

Alinieleza karibu nusu saa. Nilichoelewa ni kwamba ninaumwa magoti na sukari, kwa hiyo nikatwe tumbo ambalo ni zima. Nilimwendea imamu wa msikiti wetu, akasema kama ni tiba hakuna ubaya. Nikamwendea rafiki yangu wa rika, dalali wa ngamia, niliyeanza naye sokoni. Huyo alicheka mpaka akamwaga chai.

"Warya, bwana wewe! Watu wanaenda hospitali kwa sababu hawawezi kula. Wewe unaenda kwa sababu unaweza?"

"Naenda nisikatwe mguu kwa sukari. Na wewe unywe hiyo chai yenye sukari nusu kikombe, tutaonana huko."

"Mimi mguu wangu ni mwembamba, daktari hatauona."

Safari ya kwanza ya Nairobi ilikuwa ya vipimo. Walinitoa damu. Walinimezesha mpira wenye kamera. Walinilaza usiku mzima na nyaya puani wasikilize ninavyokoroma, jambo ambalo mke wangu angewaeleza bure kwa simu. Kisha nikaingizwa kwa mama mmoja mpole, bila mashine, bila sindano, viti viwili tu.

"Mzee, ukiwa na huzuni, unakula?"

"Nikiwa na njaa ndiyo nakula."

"Na ukishashiba?"

"Kama nyama bado iko, naendelea. Nani ataiacha?"

Akaandika sana. Akauliza, "Ulipokuwa mtoto, chakula kilitosha?" Nikamwambia habari ya wale mbuzi wawili. Akaandika zaidi ya mwanzo. Nilimwuliza kama yale mambo ya 1984 yatazuia kisu. Akasema hapana, alitaka tu kunifahamu. Nilitoka pale nikiwa nimefahamika, mimi mwenyewe sifahamu kitu.

Daktari wa kupasua alikuwa kijana mrefu wa bara, mwenye vidole safi. Alinichorea tumbo kwenye karatasi, akapiga mstari, akasema upande huu utabaki na upande huu utatoka.

"Na huo unaotoka mnaupeleka wapi?" nikauliza.

"Unachomwa, mzee, pamoja na uchafu mwingine wa hospitali."

"Hauchomwi. Kwetu kilichotoka kwa mtu kinazikwa."

Alimwangalia binti yangu, binti akaangalia dirisha. Daktari akasema ni mara yake ya kwanza kuulizwa, na akaandika pale pale kwamba nitapewa changu. Huyo nilianza kumheshimu.

Wa mwisho alikuwa mwanamke wa lishe. Alinipa makopo ya unga na karatasi iliyoandikwa Kiingereza. "Wiki mbili kabla ya kuja kulazwa, mzee, vitu vya maji tu. Hakuna kutafuna. Umenielewa?" Nilimwambia nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa, wallahi. Katika mambo yote waliyosema siku ile, hilo ndilo peke yake lililoingia kichwani bila shida. Karatasi nikaikunja mfukoni.

Maana mchunga ngamia hukaa porini miezi miwili, mitatu, kwa maziwa peke yake. Hatafuni kitu. Anaamka, anakamua, anakunywa, anatembea. Nimeishi hivyo kabla ya huyo mwanamke kuzaliwa. Ule unga wa kopo niliuonja mara moja, ladha yake chokaa. Nikajiuliza kwa nini ninywe chokaa na ngamia wangu wanakamuliwa. Nikaagiza mtungi wa lita tano uje kwa basi kila asubuhi, maziwa ya kwenye kibuyu kilichofukizwa. Asubuhi maziwa. Mchana supu ya mbuzi yenye samli juu yake, bila nyama. Jioni chai ya maziwa, kisha maziwa yenyewe.

Siku tatu kabla ya safari tulichinja ngamia wa sadaka, tukasoma Kurani, watu wakajaa uani. Nilikaa katikati yao, nyama ikapita mbele yangu, sinia baada ya sinia, na mkono wangu haukunyooka hata mara moja. Wazee walishangaa. Yule dalali alinisogezea mfupa puani makusudi. Nilimwambia aondoe mfupa wake. Nilijiona dume.

Basi tukaenda kulazwa, mimi, mke wangu na binti. Mapokezi waliuliza siku niliyozaliwa. Binti akaandika tarehe moja Januari, kama watu wote wa rika langu kwetu, utafikiri mama zetu walikubaliana. Wakanifunga utepe mkononi wenye jina langu. Kisha nikapandishwa kwenye mizani.

Mwanamke wa lishe akatazama. Akaniambia nishuke, nipande tena. Akatazama tena.

"Mzee, umeongezeka kilo nne."

"Mizani yenu ni mbovu."

"Umekula."

"Sijatafuna kitu siku kumi na nne."

"Mzee, mizani haidanganyi."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayedanganya?"

Sauti yangu ilifika ukumbini. Mimi huuza ngamia kwa kushikana mkono, bila karatasi, na hakuna mtu kutoka Garissa mpaka Tarbaj aliyewahi kuniambia neno hilo. Niliapa. Mke wangu akaapa pia, akaeleza habari za sinia zilizopita. Hapo binti yangu akauliza polepole, kama mtu anayekanyaga miba:

"Aabo, na maziwa?"

"Maziwa yamefanya nini?"

"Ulikunywa kiasi gani?"

"Mtungi. Maziwa si kitu cha maji?"

Mwanamke wa lishe akakaa chini. Aliuliza mtungi wa lita ngapi. Mke wangu akajibu kwa fahari kabisa, na akaongeza habari ya samli.

Daktari akaitwa. Nilidhani atacheka, au atanifukuza. Alinilaza, akanibonyeza chini ya mbavu upande wa kulia, akasema, "Mzee, wewe ni mtu wa mifugo. Ini la mbuzi aliyefungiwa ndani na kulishwa nafaka, umewahi kuliona?"

Nimeyaona mengi. Limevimba, lina rangi ya manjano, ukilishika kidole kinazama, linapasuka mkononi. Mchinjaji mzuri hukuonyesha, kisha huliweka kando.

"Lako liko hivyo," akasema. "Na limelala juu ya tumbo. Ili nifike kwenye tumbo lazima niliinue. Nikiliinua leo litapasuka, na damu yake siwezi kuizuia. Wiki mbili zile zilikuwa za kulikausha lipungue. Wewe umelinenepesha."

Tangu habari hii ianze watu wenye digrii walikuwa wamenieleza mengi, na ndiyo kwanza kitu kilinitisha kwa sababu nilikiona. Niliona kidole kikizama.

"Sikudanganya," nilimwambia mwanamke wa lishe.

"Sasa najua, mzee. Na mimi sikuuliza kuhusu maziwa."

Hilo lilinitosha.

Walisema nirudi nyumbani, nije tena mwezi ujao. Nilikataa. Ningesema nini Garissa? Ngamia wa sadaka wameshamla. Mke wangu akarudi kuangalia nyumba, binti akaomba likizo, tukapanga chumba mtaa wa Islii, hapo hapo Nairobi, yeye kitanda kile, mimi kitanda hiki. Makopo ya unga yakawekwa dirishani, na sasa kila karatasi alinisomea neno kwa neno. Chai bila maziwa. Supu inayoonekana mpaka chini ya bakuli.

Chini yetu kulikuwa na hoteli, na kuanzia saa nne asubuhi harufu ya mchele na hiliki ilipanda ngazi bila kubisha hodi. Siku ya nne mikono ilitetemeka, nikapimwa sukari, iko sawa, ni njaa tu. Nilikaa kitandani nikashindwa kuelewa. Njaa ile ya utotoni niliijua sababu yake, mvua haikunyesha. Hii nimeinunua mwenyewe, nimesafiri kuifuata, na mtoto wangu ananilinda nisiikimbie. Nilimwuliza binti kama mimi nina akili timamu. Alisema yule mama wa viti viwili ameshaandika kwamba ninazo.

Yule dalali akapiga simu.

"Wamekuchinja tayari?"

"Bado."

"Bado? Kwa nini?"

Nikamwambia ukweli, mizani imenikataa. Nikasikia anawatangazia watu wa sokoni, "Jamani, ndugu yetu amerudishwa! Mnunuzi amempapasa amemrudisha!" Vicheko. Halafu akashusha sauti. "Lakini usirudi hivyo hivyo, warya. Nimechoka kukuinua." Maana yeye ndiye aliyekuwa akinishika kwapa la kushoto.

Siku ya kumi na nne nilipanda mizani tena. Sikutazama chini, nilitazama uso wa mwanamke wa lishe. Nimepungua kilo tisa. Daktari akapitisha kifaa chao cha kuonea ndani juu ya mbavu, akaangalia televisheni yake ndogo, akasema, "Kesho asubuhi."

Ikaletwa karatasi ya kukubali. Binti akasoma kwa lugha yetu: kuvuja damu, kuingia vijidudu, damu kuganda, kufa.

"Nichague ipi?"

"Huchagui, Aabo. Unakubali zote."

Niliitazama ile karatasi muda mrefu. Nimetia sahihi karatasi nyingi nisizoweza kusoma, lakini hiyo nilikuwa nimesomewa, na ndiyo iliyokuwa ngumu. Nikamwambia binti anayopaswa kuambiwa mtoto mkubwa kabla ya jambo kama hilo, yeye akajifanya anatafuta kalamu, nami nikatia sahihi.

Nesi akanivalisha gauni lililo wazi mgongoni, vazi ambalo sijui lilishonwa kwa ajili ya mtu gani. Akachukua vitu vyangu akiviandika kwa sauti: saa moja, simu mbili, kofia moja, tasbihi moja, kikoi kimoja, viatu jozi moja.

"Ni hivyo tu, mzee?"

"Kwa maisha yote au kwa leo?"

"Ulivyokuja navyo, mzee."

Asubuhi wakanisukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Niliamka adhuhuri. Ya katikati siyajui.

Kile kipande kilizikwa Garissa, nyuma ya nyumba, na imamu alikuja. Imepita miezi mitano. Kwenye mkeka nainuka mwenyewe, kwa kushika ukuta. Ninakula sahani ya mtoto mdogo, na nikizidisha kijiko kimoja najuta. Bado sielewi kwa nini ugonjwa wa magoti ulitibiwa tumboni, wala sukari ilijuaje kushuka kabla sijapungua. Mwanamke wa lishe amenieleza mara mbili. Nimemwambia sawa.

Leo hii ninavyo hivi. Nyumba tatu Garissa, mbili za kupangisha. Malori mawili. Ngamia arobaini na mmoja, walioko upande wa Tarbaj kwa mtoto wa ndugu yangu. Mbuzi, idadi yake hubadilika kila siku ya soko. Duka moja la saruji na mabati. Gari moja. Mke mmoja, watoto sita. Ini, ambalo daktari alilishika akalirudisha. Tumbo moja, kiasi cha ndizi. Kilo mia moja na kumi na mbili, za jana asubuhi.