Nusu ya Nywila Iliyozikwa Naitiri

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Kompyuta wa hospitali yetu ya Kitale alinifungulia chumba cha seva, akanionyesha kiti, akasema, "Kaa hapo, usiguse kitu mpaka Ijumaa." Nilikuwa na kidato cha nne na kozi fupi ya kompyuta, basi. Kukaa nilishindwa. Nilizunguka chumba nikifuata nyaya kwa macho, hii inatoka wapi, ile inaenda wapi. Mpaka leo, nikiwa nyumbani kwangu Kapsokwony, huku mlimani, siwezi kutulia mahali.

Baadaye mwenye hospitali alijenga nyingine Bungoma, nikatumwa huko kwa muda kumsaidia fundi wao, Wafula. Salamu yake ya kwanza ilikuwa, "Mtu wa mlimani, joto la huku chini si litakuyeyusha?" Tukazoeana hapo hapo. Niliporudi Kitale tuliendelea kufanya kazi pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhakikisha programu za hospitali mbili zinaongea kwa usalama. Maabara ya Kitale ikihitaji damu, programu yake iliongea na ile ya benki ya damu Bungoma bila mtu kuinua simu. Programu za namna hiyo tuliziita huduma. Kila huduma ilibeba cheti, yaani faili dogo la kusema mimi ni nani, na kabla ya neno lolote kila moja ilikagua cheti cha mwenzake. Lakini cheti ni bure kama hakijasainiwa na mamlaka ambayo pande zote zinaiamini. Wakati huo mamlaka ilikuwa sisi, mimi na Wafula. Tulitengeneza ufunguo wa mzizi, ule unaosimamia sahihi zote, tukauweka kwenye flashi ndani ya sefu, tukaufunga kwa nywila ndefu. Nusu niliitunga mimi, nusu akaitunga yeye, kila mmoja akigeuka ukutani mwenzake akiichapa kwenye kompyuta. Tulikubaliana tusiiandike popote na tusimwambie mtu.

Meneja wa Mifumo alifurahi. "Hivyo hakuna mmoja wenu anayeweza kutuuza," alisema.

Wafula alianguka shambani kwake Naitiri akipalilia mahindi. Hakufika hospitali.

Nilikuwa bado sijaamini nilipoona onyo kwenye skrini. Cheti cha kati, kile kinachosaini vyeti vya huduma kwa niaba ya mzizi, kilikuwa karibu kuisha muda. Kikiisha, maabara ya Kitale ingebisha Bungoma na kukataliwa, na mama anayevuja damu wodini angesubiri watu wakihangaika na simu. Kukitoa upya kulihitaji mzizi, na mzizi ulihitaji nusu zote mbili.

"Si unaenda matanga? Muulize mkewe," Meneja aliniambia.

"Tulikubaliana tusimwambie mtu."

"Mama Chebet, watu huwaambia wake zao."

Kwa Wabukusu, kabila la Wafula, baada ya mazishi watu hukusanyika tena. Jamaa hunyolewa, na mzee huuliza mbele ya wote ni nani alikuwa akimdai marehemu. Mimi si wa kabila hilo. Niliposikia swali nililichukua kama lilivyo, nikasimama.

"Mimi namdai maneno," nilisema.

Msimamizi wa kikao, baba mdogo wa Wafula, aliinama mbele. "Maneno gani?"

"Ya siri. Nusu alikuwa nayo yeye, nusu ninayo mimi."

Mwanamke mmoja nyuma akapiga makofi. "Ati siri! Haya, leo tutasikia!"

"Na wewe ni nani wake?" mwingine akauliza.

"Mwenzake wa kazi."

"Kazi ya mchana ama ya usiku?"

Walicheka hata waliokuwa na macho mekundu. Mzee akainua mkono. "Dada, hapa tunajua kugawa mbuzi na koti. Maneno tutayakata wapi?"

Nikaanza kueleza habari ya flashi na sefu, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Mjane, Mama Brian, alikuwa ameketi na kichwa chake kilichonyolewa, ananitazama tu. Mwishowe akauliza, "Hayo maneno yanafungua nini?"

"Kompyuta za hospitali. Za damu."

"Nusu yako ulimwambia mzee wako?"

"Hapana."

"Basi na yeye hakuniambia. Nilikuwa namuuliza, kazini unafanya nini? Ananiambia, nachunga mlango. Mimi nikidhani ni mzaha wake." Akawageukia watu. "Mwacheni akae. Yeye hamdai marehemu kitu."

Nilirudi Kitale nikamwambia Meneja tutengeneze mzizi mwingine wetu. Akaniuliza, "Halafu na wewe ukienda?" Alikuwa ameshaamua kwamba mamlaka itoke nje, kwa kampuni ambayo kazi yake ni kutunza mizizi.

Vijana wengi hudhani unang'oa mzizi wa zamani na kupanda mpya. Ukifanya hivyo, huduma iliyobadilishwa na ile ambayo bado haijabadilishwa zitakataana papo hapo. Kwanza niliongeza mzizi wa nje kwenye orodha ya kuaminiwa ya kila seva, kando ya ule wetu. Kisha nikaelekeza maombi ya vyeti yaende kwa mamlaka mpya. Ufunguo wa siri wa huduma, ule unaothibitisha kwamba cheti ni chake, hautoki kwenye mashine yake; kinachosafiri ni ombi tu, na kinachorudi ni cheti kilichosainiwa. Mwisho, Jumapili moja kabla cheti cha kati hakijaisha, wodi zikiwa zimepoa kidogo, tukaanza kuziwasha upya moja moja, mimi Kitale na Sharon, fundi mpya wa Bungoma, akiwa kwenye simu.

Benki ya damu ikakataa cheti kipya cha maabara. Nilitembea chumbani na simu sikioni. "Mama, unatembea tena, unaniogopesha," Sharon alisema. Nikamwuliza kama aliiwasha upya baada ya kuongeza mzizi. Alikuwa ameongeza tu. Huduma bado ilikuwa inasoma orodha ya zamani. Akaiwasha, na ombi la damu likapita.

Zote zilipohama, niliuondoa mzizi wetu. Kazi haijaisha mpaka uhakikishe cha zamani kinakataliwa, kwa hiyo nikatuma ombi nikitumia cheti kilichosainiwa wakati wa Wafula. Jibu likaja: mamlaka haijulikani.

"Imekataa?" Sharon akauliza.

"Imekataa."

"Si basi tumemaliza! Mbona hufurahi?"

Nilimwambia ninafurahi, nikakata simu, nikaenda nje kuosha uso.

Nilistaafu muda si mrefu baadaye, na mafundi bado hunipigia. Ninachowaambia ni hiki: mkigawana siri watu wawili, pangeni pia siku ambayo mmoja hatakuwepo. Sisi hatukupanga. Siku ile ya kutunga nywila tulikuwa tunacheka.