Mashoka Mawili ya Mti Mmoja

Mbona umeniomba mimi, nisiyeelewana na kalamu, ndiye niandike habari za mtunza makumbusho yetu? Haya. Mtu yule hupangusa kila kitu kwa leso yake mwenyewe, hata bakuli lililopasuka, huku akilisemesha kama anabembeleza mtoto. Vidole vyake vina gundi siku zote, kwa kubandika maelezo. Ukoo wa Overby ulimletea shoka lililoangusha mti wa kwanza wa mji huu. Ukoo wa Lindquist nao ukaleta lao, ukidai ndilo lililouangusha mti ule ule. Basi akawa anaweka moja mezani na kuficha jingine kabatini, kutegemea ni ukoo gani unakuja Jumamosi hiyo. Mmoja ukisusa, nusu ya vitu vya makumbusho vitabebwa kurudi nyumbani kwao.

Jumamosi moja wakaja wote. Bi Overby akafungua kabati kutafuta kikombe, akakutana na shoka la babu yake.

"Wewe mzee! Umemficha babu yangu na vikombe?"

"Aliyefichwa ndiye mwongo," Bwana Lindquist akacheka.

Mtunza alilitoa shoka, akalipangusa taratibu, akalilaza kando ya mwenzake.

"Mti ulikuwa mnene, bibie," akasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Peke yake nani angeuweza?"

Wale wawili wakatazamana. Bi Overby akasogeza shoka la Lindquist kidogo, lisiguse lake, kisha akaomba kahawa.

Nimeandika. Nawe uliyenisumbua, njoo Jumamosi na kahawa, maana yetu waliimaliza.