Nilivyokwenda Kupima Jina la Bi Zuhura

Mimi ni mhasibu hapa Moshi, na nilichokifanya mwezi uliopita ofisi nzima inakijua, basi na ninyi mkijue.

Kampuni yetu ilinunua mgahawa wa Bi Zuhura kule Pasua kwa bei iliyozidi sana thamani ya meza na masufuria yake. Ile ziada ilikuwa ya jina, na kila mwaka lazima nipime kama jina hilo bado linavuta wateja. Likichuja, nalipunguza thamani vitabuni.

Miaka yote nimelipima nikiwa kwenye kiti changu. Safari hii nilimwambia bodaboda, "Nipeleke kwa Bi Zuhura." Nilikuta watu wamejaa na mwenyewe yuko jikoni, nikadhani tumemwajiri. Nikampa shikamoo yake, nikala pilau sahani mbili, nikaandika kwamba jina halijashuka hata kidogo.

Kwenye kikao, mkurugenzi alisoma taarifa yangu kwa sauti mpaka akafika kwenye sentensi niliyojivunia: "Mgahawa wa kijani ulio ng'ambo ya barabara hauna mteja hata mmoja, hivyo si tishio kwetu."

Akavua miwani.

"Mhasibu," akasema taratibu, "huo wa kijani ndio wetu."